Sukari ya Asubuhi Iko Juu: Namna ya Kupima Usiku na Kujua Chanzo Kabla ya Kugusa Dozi

Wagonjwa wengi wa kisukari wa Mbeya, Iringa, Njombe na wilaya za jirani hufika kliniki na daftari lililojaa namba za asubuhi tu. Juzi 11.2, jana 12.4, leo 10.9, na pembeni mwa namba hizo hakuna lolote lililoandikwa kuhusu usiku uliotangulia. Kwa namba hizo mgonjwa huwa ameshaamua mwenyewe la kufanya: amepunguza ugali wa jioni, kisha ameuacha kabisa, au ameongeza uniti mbili tatu za insulini kwa kuamini kwamba sukari ikiamka juu basi dawa ya jana haikutosha. Kuna siku uamuzi huo huwa sahihi. Kuna siku humshusha sukari akiwa usingizini, saa ambazo hakuna anayemwangalia.

Namba ya asubuhi peke yake haisemi sukari ilianza kupanda saa ngapi wala ilitokea wapi. Sukari ya 11 inaweza kuwa imekaa juu tangu saa nne usiku. Inaweza kuwa imepanda kuanzia saa kumi alfajiri. Na inaweza kuwa ilikuwa chini ya 3.9 saa tisa usiku kabla ya kurudi juu. Kila hali ina tiba yake, na tiba ya hali moja ni hatari kwa nyingine. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupima usiku kwa mpangilio, kusoma matokeo, na kumpelekea mhudumu wako taarifa atakayoweza kuitumia.

Namba zote zilizoandikwa hapa ni za milimoli kwa lita. Kama mashine yako inaonyesha miligramu kwa desilita, gawanya namba yake kwa 18.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya usiku wa kwanza

- Mashine ya kupimia sukari yenye betri nzima.
- Stripu zisizopungua 9, kwa usiku tatu zenye vipimo vitatu kila mmoja, na nyingine tatu za akiba. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi.
- Visindano vya kutobolea kidole.
- Daftari na kalamu. Simu inaweza kuzimika chaji, na daktari hawezi kuichunguza kwa haraka kama ukurasa.
- Simu au saa yenye kengele.
- Tochi, ili usilazimike kutafuta mwanga umeme ukikatika.
- Sukari vijiko vitatu vya chai ndani ya kikombe, na maji pembeni. Vikae karibu na kitanda, si jikoni.
- Chupa ya maji ya uvuguvugu na kitambaa safi cha kukaushia mikono.

Stripu zina gharama, na wengi hupima mara moja kwa siku kwa sababu hiyo. Kama huwezi kumudu usiku tatu, fanya mbili zilizokamilika. Usiku mbili zenye vipimo vitatu kila mmoja zinaeleza mengi kuliko asubuhi sita zisizo na usiku wake.

## Asiyepaswa kuanza peke yake

Mjamzito, mtoto, mgonjwa wa figo, na mtu aliyewahi kuzimia kwa sababu ya sukari kushuka wazungumze kwanza na kliniki yao, kwa kuwa viwango wanavyolengewa si hivi vya watu wazima wengine. Mzee anayeishi peke yake na anatumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) apate mtu wa kulala naye nyumba moja katika usiku hizo. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, hasa figo zikiwa zimechoka, na sukari iliyoshushwa nayo inaweza kushuka tena hata baada ya kupandishwa.

## Hatua ya 1: Chagua usiku wa kawaida

Lengo ni kuona mwili wako unavyofanya katika siku zinazofanana na maisha yako ya kila siku. Usiku hizo si lazima zifuatane.

Usichague siku uliyo na homa, jino linalouma au kidonda kilichopata usaha, kwa kuwa maambukizi hupandisha sukari hata kama hujala kitu. Usichague pia siku uliyolima tangu asubuhi hadi jioni ikiwa kwa kawaida unakaa dukani. Kazi nzito hufanya misuli iendelee kuvuta sukari kwa saa nyingi baada ya jembe kuwekwa chini, hata hadi siku ya pili, na usiku wake unaweza kuwa na mshuko usioonekana siku nyingine. Mkulima anayeanza msimu wa kupanda mahindi mvua za Novemba zinapofika, au mchuma chai wa Mufindi na Rungwe, apime katika siku za kazi zake, kwa kuwa hizo ndizo siku zake za kawaida.

Pombe nayo hubadilisha kila kitu. Ini linaloshughulikia pombe hushindwa kutengeneza sukari mpya, na mtu aliyekunywa ulanzi jioni bila kula vizuri anaweza kushuka usiku wa manane au asubuhi. Dalili zake hufanana na ulevi, hivyo wanaomzunguka humwacha alale. Mtu wa kisukari aliyekunywa na hawezi kuongea sawasawa apimwe sukari kabla ya kuambiwa kwamba amelewa.

## Hatua ya 2: Kula kama kawaida na uandike

Watu hukosea hapa kwa nia njema: usiku wa kupima wanakula kidogo ili namba zipendeze. Namba hizo hazitamsaidia yeyote. Kula unachokula siku zote, kisha andika saa uliyomaliza, aina ya chakula na kiasi chake kwa kipimo cha nyumbani: ugali wa ukubwa wa ngumi mbili, maharage vijiko vinne vya kugawia, mboga, chai yenye vijiko viwili vya sukari.

Saa ya kula ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Aliyekula wali saa tatu usiku na kupima saa nne anapima chakula kilichomo njiani, si sukari yake ya kulalia. Jitahidi kipindi kati ya chakula na kipimo cha kulala kisipungue saa mbili, na kikifika tatu ni bora zaidi.

Chakula chenye mafuta mengi hustahili alama yake kwenye daftari. Chipsi mayai au kitimoto huchelewesha chakula kutoka tumboni, na sukari ya viazi au ndizi zilizoandamana nacho hufika kwenye damu saa kadhaa baadaye, wakati tayari umelala. Mtu anaweza kupima 8 saa nne usiku, akaona mambo ni mazuri, kisha saa tisa akakuta 13 bila kuwa amekula tena.

Andika pia dawa: jina, dozi, saa, na kwa insulini, mahali ulipochoma.

## Hatua ya 3: Kipimo cha kabla ya kulala

Nawa mikono kwa maji ya uvuguvugu na ukaushe kabisa. Mabaki ya ndizi mbivu au asali kwenye kidole yanaweza kupandisha namba kwa kiasi kikubwa, na maji yaliyobaki huichanganya damu na kuishusha. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni madogo, na badilisha vidole.

Baridi ya nyanda za juu inahitaji uangalifu wake. Mashine nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi joto 10 na 40, na chumba cha Makete au Njombe mwezi Juni na Julai kinaweza kushuka chini ya hapo. Mashine iliyopoa hukataa kusoma au hutoa namba isiyoaminika. Iweke pamoja na chupa ya stripu iliyofungwa vizuri chini ya blanketi kwa dakika kumi na tano kabla ya kupima, lakini usiisogeze karibu na jiko la mkaa. Kidole kilichokufa ganzi kipashwe kwa maji, kisha mkono uning'inizwe chini kwa dakika moja. Usikikamue kwa nguvu, kwa sababu kinachotoka ni damu iliyochanganyika na majimaji ya nyama.

Onyo: kama namba ni chini ya 5.6 na unatumia insulini au glibenklamidi, usilale hivyo. Kula kitu kidogo chenye wanga, kama kipande cha mkate na karanga kidogo au nusu kikombe cha maziwa na kiazi kitamu kidogo. Ikiwa ni chini ya 3.9, fuata utaratibu wa sukari iliyoshuka ulioelezwa katika hatua ya 4, na usiku huo usihesabiwe tena kuwa wa kupima.

## Hatua ya 4: Kipimo cha saa tisa usiku

Hiki ndicho kipimo ambacho karibu kila mtu hukiruka, na ndicho chenye jibu. Usingizi ni mtamu, baridi ni kali, na mgonjwa hujiambia kwamba cha asubuhi kitatosha. Hakitoshi. Bila namba ya saa tisa, vile viwili vingine vinakuacha palepale ulipokuwa.

Saa hiyo ina sababu. Insulini ya muda wa kati, ile inayoonekana kama maziwa kwenye kichupa, hufikia kilele chake kati ya saa 4 na 12 baada ya kuchomwa. Aliyechoma saa moja jioni hukutana na kilele hicho usiku wa manane, chakula cha jioni kikiwa kinamalizika tumboni. Wakati huohuo homoni za alfajiri zinazopandisha sukari bado hazijaanza kazi yake kikamilifu. Kwa hiyo karibu na saa tisa ndipo sukari ya wengi huwa chini kuliko saa nyingine yoyote ya usiku.

Tega kengele mbili zilizopishana dakika tano, na mwambie mwenzako wa nyumbani. Akae akijua kwamba kama umeamshwa na hujibu vizuri, hatakiwi kukuacha uendelee kulala. Ukiamka, pima kwanza kabla ya kunywa au kula chochote, andika namba na saa kamili, kisha andika hali ya mwili: jasho, moyo kwenda mbio, ndoto za kutisha, kichwa kuuma, njaa ya ghafla. Mtu anayelowa jasho hadi shuka linalowana, katika usiku wa Julai ambao wengine wamejifunika mablanketi mawili, ana dalili ya kuchunguzwa hata kama hakuwahi kupima.

Ikiwa namba ni chini ya 3.9: koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, unywe yote. Nusu ya chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300 hufanya kazi hiyohiyo; soda isiyo na sukari haifai. Subiri dakika 15, pima tena. Kama bado ni chini ya 3.9, rudia. Ikishapanda, kula kitu kidogo chenye wanga ili isishuke tena kabla ya asubuhi. Usile zaidi ya hapo kwa hofu, kwa sababu bakuli la uji wenye sukari nyingi na chapati mbili zitakupa 15 asubuhi, na utadhani ugonjwa umezidi.

Ikiwa mtu hajitambui: asinyweshwe wala kulishwa chochote, maana kinaweza kuingia kwenye mapafu. Alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitali mara moja.

Umefanikiwa katika hatua hii ukiwa na namba iliyoandikwa saa hiyohiyo, si iliyokumbukwa asubuhi.

## Hatua ya 5: Kipimo cha asubuhi

Pima mara unapoamka, kabla ya chai, kabla ya kukamua ng'ombe na kabla ya kwenda shambani. Saa moja ya kukaa bila kula baada ya kuamka inaweza kuongeza sukari, kwa kuwa ini linaendelea kuitoa.

Hii ndiyo sababu namba ya kliniki hutofautiana na ya nyumbani. Aliyetoka Kyela au Makete alfajiri bila kula, akasafiri kwa basi hadi mjini na kupimwa saa nne asubuhi, anapimwa akiwa na saa nyingi za njaa na uchovu wa safari. Usishangae ikizidi ile ya nyumbani, na mwonyeshe mhudumu zote mbili.

## Hatua ya 6: Kusoma namba tatu kwa pamoja

Panga kila usiku katika mstari mmoja: kulala, saa tisa, asubuhi. Tofauti ndogo isikusumbue. Mashine nzuri za nyumbani huruhusiwa kupishana na maabara kwa takriban asilimia 15, hivyo 8.0 na 8.7 zichukuliwe kuwa sawa. Kinachotafutwa ni mwelekeo unaojirudia angalau usiku mbili.

### Juu, juu, juu

Mfano ni 12.8, 12.1, 12.5. Usiku haukupandisha kitu. Ulirithi sukari ya jioni. Chanzo kiko kwenye chakula cha jioni, saa ya kukila, au dawa isiyotosha kwa siku nzima. Anza na chakula: punguza ugali, wali au ndizi hadi robo ya sahani, jaza nusu ya sahani kwa mboga za majani, kula mapema, na utembee taratibu dakika 15 hadi 30 baada ya kula.

### Sawa, sawa, juu

Mfano ni 7.4, 7.0, 11.3. Huu ni mpando wa alfajiri. Kuanzia saa tisa au kumi usiku hadi karibu saa mbili asubuhi, mwili hujiandaa kuamka kwa kutoa homoni ya ukuaji, kotisoli, glukagoni na adrenalini. Homoni hizo huliamuru ini litoe glukosi na hupunguza nguvu ya insulini. Kwa mtu asiye na kisukari kongosho huongeza insulini na hakuna kinachoonekana. Kwa mwenye kisukari nyongeza hiyo haipo au haitoshi.

Nisisitize jambo moja hapa, kwa kuwa nimeona watu wakijitesa bure: mpando huu hautokani na ulafi wa jioni, na kulala na njaa hakuuzuii. Mzee anayeacha kula usiku ili asubuhi iwe nzuri, huku akimeza glibenklamidi ileile, anajiweka hatarini pasipo faida. Dawa ya hali hii hupangwa na kliniki, na mara nyingi huwa ni kubadili saa au aina ya dawa.

### Sawa, juu, juu zaidi

Mfano ni 7.2, 10.0, 13.1. Sukari imeanza kupanda mapema, kabla ya homoni za alfajiri. Ama insulini ya jioni imekwisha nguvu mapema, ama chakula cha mafuta kimechelewa. Daftari la hatua ya 2 litakuonyesha ni kipi. Angalia pia mahali unapochoma: sehemu moja ikichomwa kila siku huota uvimbe laini wa mafuta, na insulini inayoingia humo hufyonzwa kwa kuchelewa na bila mpangilio. Papasa tumbo na mapaja kwa vidole; ukikuta uvimbe, uache upumzike na uchome kwingine. Mweleze mhudumu kabla ya kuhama, maana sehemu nzima inaweza kufyonza insulini yote na dozi ileile ikawa kubwa.

Insulini yenyewe nayo ikaguliwe. Iliyoganda kwa barafu, iwe ndani ya friji au dirishani usiku wa sakitu huko Makete, hutupwa hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima.

### Sawa, chini, kisha juu au sawa

Mfano ni 8.1, 3.2, 11.0. Hapa kuongeza dozi ni kosa linaloweza kuua. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mwili ulioshuka usiku hujirudisha juu kupita kiasi kwa homoni zake. Vihisi vinavyofuatilia sukari usiku kucha vimeonyesha kwamba hilo ni nadra kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba wengi walioshuka usiku huamka na namba ya kawaida au ya chini. Kinachoonekana zaidi ni mtu kuamka akitetemeka, kula sana, na kusahau kuandika.

Kwa hiyo hata 4.5 ya asubuhi, kwa mtumiaji wa insulini, haithibitishi kwamba usiku ulikuwa salama. Ukipata namba chini ya 3.9 saa tisa hata usiku mmoja, acha kuendelea na zoezi na wasiliana na kliniki siku hiyohiyo. Chini ya 3.0 ni dharura hata kama unajisikia vizuri, kwa kuwa mwili uliozoea kushuka huacha kutoa onyo.

## Hatua ya 7: Badilisha jambo moja, kisha upime tena

Yaliyo mikononi mwako ni chakula, saa ya kula, kutembea na mahali pa kuchoma. Badilisha moja kwa siku nne au tano, kisha urudie usiku mbili za vipimo vitatu. Ukibadilisha mawili kwa pamoja hutajua lipi limefanya kazi.

Dozi, saa na aina ya dawa ni za kliniki. Watu husikia kwa jirani kwamba insulini ya muda wa kati ikihamishwa kutoka saa moja jioni hadi saa nne usiku asubuhi huwa nzuri, na ni kweli kwamba madaktari hufanya hivyo. Lakini wengi hapa hutumia insulini ya mchanganyiko, ambayo ndani yake mna sehemu ya haraka inayohitaji chakula. Kuichoma saa nne na kulala bila kula ni kujishusha sukari. Vichupa vyote viwili vina rangi ya maziwa, hivyo usiamini macho. Soma jina na uulize.

Unapokwenda, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, Tosamaganga, Ikonda, Ilembula au kituo cha karibu, fungua ukurasa wenye mistari ya usiku na useme: "Daktari, nimepima kulala, saa tisa na asubuhi. Sukari inapanda kuanzia hapa." Kisha taja dawa zote unazotumia, pamoja na prednisoloni na dawa za miti shamba, kwa kuwa baadhi hugusa sukari.

Kwa watu wazima wengi lengo la asubuhi ni kati ya 4.4 na 7.2, kwa mzee dhaifu kliniki inaweza kukubali zaidi ya hapo ili asishuke usiku. Umefika ikiwa asubuhi nyingi ziko ndani ya lengo lako na hakuna saa tisa iliyopungua 3.9. Ukipata la kwanza bila la pili, bado hujafika.

## Usisubiri tarehe ya kliniki

Nenda hospitali siku hiyohiyo ikiwa sukari imezidi 13.9 na inaambatana na kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, harufu ya matunda mdomoni, au usingizi usio wa kawaida. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini kwa sababu tu hawezi kula. Apelekwe akiwa na kichupa chake na daftari lake mkononi.